Siku Nilipolinywesha Lori Mawese

Haya, kwa kuwa mmenibana, na Leokadia kashaanza kucheka huko jikoni kabla sijafungua mdomo, acheni niseme mwenyewe, maana akisimulia yeye huwa ananiongezea. Mimi Damiani, niliyeendesha lori la ushirika miaka yote ile, mimi ambaye nusu ya mtaa huu wa Buzebazeba mnaniita fundi, niliwahi kukwama mlimani siku ya posa yangu mwenyewe, na aliyelikwamisha lori ni mimi.

Kisa ni debe. Meneja alikuwa ameniruhusu nipande na lori tupu kwenda kuchukua kahawa upande wa Kalinzi, kule milimani, na njiani niwabebe shangazi Yustina, aliyenilea, na mshenga wetu Mzee Sefu, tukapose huko huko kwa Mzee Bukuru. Huyo mzee alikuwa ametuma neno kwamba binti yake hampi mtu wa maneno, anampa mtu wa kazi, tena kuna mwingine atakayesikilizwa wiki inayofuata, kwa hiyo kwangu ilikuwa ni siku hiyo au basi tena. Alfajiri naenda kuchota dizeli kwenye pipa, nakuta dumu langu limetoboka. Nikapita uani kwa shangazi, pale anapochemshia mawese (ndiyo biashara yake, mnamjua), nikaona debe limekaa karibu na moto, ndani yake mabaki ya mawese kama vidole vinne, yamelainika vizuri. Mtu mwenye akili angeyahamishia kwenye sufuria. Lakini kwenda kuomba sufuria ni kuulizwa maswali, na kuyamwaga chini, nani Kigoma hii anamwaga mawese? Nikajiambia kidogo hiki kitapotelea humo humo, injini ya dizeli haina kinyaa, nikachotea dizeli juu yake, nikamimina yote kwenye tangi, nikavaa shati langu jeupe la tetroni, safari ikaanza.

Huku chini lori lilikwenda bila shida, ila moshi wake ulikuwa na harufu. Mzee Sefu, tuliyebanana naye mbele, akanusa mara mbili.

"Damiani, kuna mtu anakaanga dagaa hapa?"

"Ni njaa hiyo, Mzee," nikamwambia.

Shangazi akanitazama tu.

Basi tukaanza kupanda, na mnaijua baridi ya kule asubuhi, ukungu umekaa juu ya migomba, na kadiri tunavyopanda ndivyo lori linavyoishiwa nguvu, gia ya tatu ikashindwa, nikaweka ya pili, ya pili nayo ikaomba ya kwanza, nimekanyaga mpaka chini na bado mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akatupita, akatusalimia "Mwakeye", akaendelea na zake. Nikasema ni uzito. Nikamshusha Mzee Sefu atembee, mshenga mzima na kanzu yake, halafu (Mungu anisamehe) nikamshusha na shangazi. Lori likasogea kidogo, likakohoa, likazima.

Na lilizimia wapi? Kama ingekuwa zamani, kila mtu anakaa kwenye shamba lake, ningeaibika mbele ya migomba. Lakini miaka ile watu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara, na ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, hawana la kufanya. Kijiji kizima kikatoka milangoni. Nyumba ya Mzee Bukuru ilikuwa ya saba kutoka pale, naiona, na yeye mwenyewe namwona anakuja taratibu na fimbo yake.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikafungua boneti, nikakunja mikono ya shati na kuanza kuhutubia. Nikawaambia gari likikosa nguvu, ama limekosa hewa au limekosa mafuta, na hili hewa ndiyo tatizo, vumbi la barabara. Nikalifungua chujio la hewa, nikalipuliza, likanirudishia masizi yote usoni. Nikapiga stata. Kimya. Nikasema basi ni nozeli, nikalegeza bomba, nikamwomba kijana mmoja apige stata, dizeli ikanirukia kifuani, ile tetroni ikawa rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa, jamani, na bado sikunyamaza.

"Ni dizeli mbovu wanayotuletea siku hizi," nikasema kwa sauti ili Mzee Bukuru asikie.

Shangazi akasogea. Akaweka kidole kwenye shati langu, akakinusa. Akaniambia nifungue kile kikombe cha kuchujia dizeli. Nikakifungua. Ndani kulikuwa na kitu cha njano kimeganda, akakichota kwa ukucha, akakionja.

"Haya ni mawese yangu," akasema. "Yale ya debe la pembeni ya jiko. Damiani, umeyatia humu?"

Kijiji kizima kikasogea kunisikiliza. Mzee Bukuru alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ameegemea fimbo, na nilijua jibu hili ndilo posa yenyewe. Nilikuwa na uongo mwingine tayari, mzuri tu, wa kulisingizia pipa la ushirika. Nikauacha.

"Nimeyatia, shangazi. Niliona aibu kuomba sufuria."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mshenga wangu mwenyewe. Wakafuata wengine mpaka watoto wakakaa chini. Shangazi hakucheka, alikuwa anafikiri.

"Mawese kule kwetu hayagandi hivi, ila nikiyaleta huku kwenye baridi lazima niyapashe ndiyo yamiminike," akasema. "Leteni maji ya moto."

Aliyekuja na birika ni Leokadia, binti mwenyewe wa Mzee Bukuru. Akanitazama kuanzia masizi mpaka tetroni, akaniamkia kwa adabu zote, akammiminia shangazi maji juu ya kile kikombe na mabomba yake, mawese yakalainika, nikaosha, nikatoa upepo kwenye mabomba, lori likawaka. Likatembea nyumba moja, likazima. Birika jingine. Nyumba moja, birika jingine, mimi kichwa nje ya dirisha kwa sababu boneti iko wazi, kijiji nyuma yetu wanaimba, na mchumba wangu anakwenda mbio jikoni na kurudi. Hivyo ndivyo nilivyoingia ukweni.

Tulipokaa, Mzee Bukuru akasema, "Nilitaka mtu wa kazi. Nimemwona, ni shangazi yako. Wewe una maneno mengi. Ila lile la mwisho lilikuwa la kweli, nami nililingojea sana pale barabarani." Akamgeukia binti yake. "Unasemaje?"

Leokadia akainamisha macho. "Baba, nimeshambebea mabirika saba. Nikimwacha leo, kuni zangu zimeteketea bure."

Ndiyo hivyo nikapewa mke. Tangu siku ile sijatia kitu kwenye tangi bila kukinusa, na chombo cha mtu sikigusi bila kuomba, hata kikombe cha maji. Kujisifu ndiko sijaacha kabisa, kwa sababu mtu ni mtu, lakini nina mwangalizi wangu: nikianza tu kueleza habari za injini mbele ya wageni, mwenzangu anainuka kwenda kuwasha moto.

Mnasikia hiyo kelele jikoni? Msidhani ni chai yenu. Kashalibandika birika.