Maji ya Mgongo Yalivyokimbiza Wageni Wodini

Asubuhi ile miguu yangu iligoma. Haikuuma, jamani. Iligoma tu.

Ganzi ilianzia vidoleni, ikapanda magotini. Kufika jioni nimebebwa hadi hospitali kama gunia.

Mimi Fathiya nauza vitenge soko la Ngara, na nyumba yangu haijawahi kukosa wageni. Basi na wodi ikajaa. Uji, ndizi, umbeya wa motomoto.

Umbeya wenyewe ulikuwa mmoja: nimerogwa na Zulfa, mke mwenzangu anayeishi Biharamulo. Wifi yangu Pili alishapata mpaka mganga wa huko Nyamigogo. Safari ya kunipeleka kwake ilikuwa kesho yake.

Ndipo akaingia Daktari Anastazi. Akasema anataka kuchota maji kidogo kwenye uti wa mgongo, maabara wapime protini, ijulikane ninaumwa nini.

"Ganzi ikifika kifuani, atashindwa kupumua," akasema.



Huku kwetu mgonjwa akiongezewa damu, ndugu huitwa kutoa ya kurudishia. Watu wakapiga hesabu: na maji ya mgongo nani atarudishia?

Pili akakumbuka maharage jikoni. Mwingine akapokea simu ambayo haikuita. Mume wangu Suleman, mgongo wake mpana kama mlango wa ghala, akaenda kununua vocha.

Hakurudi; sijui vocha hiyo ilikuwa inauzwa Burundi.

Nikabaki na vikombe vitupu.

Mara Zulfa huyu hapa, vumbi la basi mpaka kwenye kope. Nikasema leo nakoma, maana aliyosingiziwa yalishamfika.

"Shikamoo, dada."

Kisha akamgeuzia daktari mgongo. Wale waliokimbia alipishana nao getini, wamemweleza kila kitu.

"Chota yangu, umrudishie."

Daktari akacheka hadi akakaa. Akamwambia maji hayo mwili hujitengenezea wenyewe. Anachotaka ni mtu wa kunishika nisitikisike.

Zulfa akanishika. Nikajikunja, sindano ikaingia, yakatoka matone maangavu kama ya chemchemi.

Majibu yakaja: protini ziko juu sana, ila chembe nyeupe ni za kawaida. Kwa hiyo si homa ya uti wa mgongo. Kinga ya mwili wangu imekosea adui, inapiga mishipa yangu ya fahamu. Wengi hupona, ila nisitoke wodini, pumzi iangaliwe.

Na kweli pumzi ilipungua. Wakaniwekea oksijeni. Ingekuwa njiani kwenda kwa mganga, msingesoma haya.

Nilipopata sauti nikamuuliza Zulfa: wamekuita mchawi, na bado ulitaka kunitolea maji ya mgongo wako?

"Dada, ukifa wewe, Suleman anahamia kwangu moja kwa moja. Yule mtu nitamweza peke yangu?"

Nesi alikuja kuuliza nani anacheka hivyo.

Leo natembea kwa fimbo na nyumba imejaa tena. Karibuni, chai ipo. Ila ukiugua, anayemjua aliyekuroga mpe chai aende zake. Anayetaka kukupima, mpe mgongo.