Gauni la Kurudia Nyumbani

Mtaani kwetu dada yangu walimwita Cherehani. Mgeni angedhani ni kwa ajili ya kazi yake, maana alikuwa fundi wa nguo, lakini wenyeji walijua ni mdomo. Akianza kuongea, hasimami mpaka uzi ukatike. Kwa hiyo siku alipotutangazia mezani kwamba anataka kuwa mtawa, mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Wewe? Kwenye nyumba ya kunyamaza? Wewe unayeongea hata usingizini?"

"Mama, sitanii."

"Na yule seremala aliyeleta posa?"

"Ni mtu mzuri, atapata mke mzuri. Lakini mama, misa ikiisha watu wanatoka kwenda zao, na mimi ndiyo kwanza nahisi nimefika. Nimejaribu kulipuuza jambo hili miaka miwili. Haliondoki."

Mama akaacha kucheka. Yeye ndiye aliyemfundisha dada kushona, katika chumba chetu cha mbele chenye cherehani mbili zilizotazamana, na uzee wake wote alikuwa ameupanga aupitishe akibishana na huyo wa cherehani ya pili.

"Nakupa miezi mitatu," alisema. "Utarudi."

Kisha akafanya jambo ambalo fundi tu angelifanya: akashona gauni la kumrudishia. Dada aligawa nguo zake zote kabla ya kuondoka, na mama hakutaka mwanawe akwame huko kwa kukosa cha kuvaa. Lilikuwa jekundu, la mikono mifupi, na kwa ndani alikunja pindo pana kila upande. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi: nguo ya siku moja, kunja kidogo; nguo ya miaka, iachie pindo la kutosha, maana mwili haukai pale pale.

Mimi, mdogo mtu, nililiona gauni lile nikalipenda papo hapo. Nikaliomba. "Ni la dada yako," mama akanijibu. "Kesho kutwa anarudi."

Miezi mitatu ikapita, dada hakurudi. Akamaliza unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya utawa, akaweka nadhiri za kwanza, akawa anazirudia kila mwaka. Na kila mwaka, siku ya wageni, tulikwenda kumwona, mama na mfuko wake begani, gauni limekunjwa ndani. Dada alikuja mbio ukumbini huku sista mlezi akimwita nyuma, "Taratibu, Sista, taratibu!" Kuhusu ukimya, alitueleza kwamba wamempa chumba cha ushonaji, ili cherehani ipige kelele kwa niaba yake.

Mama akimkumbatia, mikono ikimzunguka mgongoni, nilijua anapima. Kwa mtu anayemjua, mama hahitaji futi. Tukifika nyumbani anafumua, anatoa kidogo kiunoni, kidogo kifuani, kwa sababu maharage ya watawa yalimkubali dada sawasawa. Gauni likanenepa mwaka hadi mwaka pamoja na mtu asiyelivaa. Nami nikaendelea kuliomba, nikaendelea kunyimwa.

Mwaka wa tano dada hakuja mbio. Alikuja akitembea, amekonda, macho yamezama. Akakaa katikati yetu asiseme neno, na hapo nikaogopa kweli.

"Mama," alisema mwishowe, "gauni umelileta?"

"Nimelileta."

"Miezi minne sasa nasali kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani."

Nilimtazama mama. Hilo ndilo neno alilolisubiri miaka mitano. Akalitoa gauni, akalishikilia mabegani mwa dada, akafinya jicho moja kama afanyavyo akimpima mteja.

"Halikutoshi," alisema. "Linakubana kifuani. Acha nikalitoe kidogo. Mwakani litakuwa tayari, kama bado utakuwa unalitaka."

Dada alilitazama gauni, akajitazama mwili wake uliopungua. Fundi hadanganywi kwa nguo. Akaanza kucheka huku analia, akajifuta kwa mkono wa mama, na kabla hatujaondoka alikuwa ameshatusimulia habari za kuku wote wa nyumba ile, mmoja mmoja.

Njiani sikuweza kuvumilia. "Mama, gauni lingempwaya! Miaka mitano unamsubiri, leo anataka kuja, unamwambia linambana?"

"Siku ya hasira fundi hakati kitambaa," alisema. "Nilitaka arudi. Sikutaka atoroke."

"Basi acha kulibeba. Nipe mimi."

"Thubutu! Anayebaki kwa kukosa nguo ya kutokea, huyo hajabaki."

Akaukaza mfuko begani, akaongeza mwendo.

Mwaka wa tisa ukafika, mwaka wa nadhiri za daima, zile ambazo ukiziweka umeziweka. Mama Mkuu wa watawa alikuwa amekubali, na baraza lake pia. Lakini dada aliniandikia kwamba usingizi haumjii: katika miaka yote hiyo, mama hajawahi kutamka kwamba ameridhia, naye hataki kupiga magoti mbele ya altare huku mama yake bado anamsubiri mlangoni.

Asubuhi ya siku yenyewe tulimkuta kwenye chumba cha ushonaji, amevaa vazi jipya alilojishonea. Mama akaingia na mfuko begani. Dada alipouona, uso ukamshuka.

Mama hakusalimia. Alitandaza gauni jekundu mezani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono mmoja baada ya mwingine. Pindo halikuwepo tena popote.

"Ona," alisema. "Nimetoa mpaka mwisho. Kitambaa kimeisha."

Cherehani wetu akainama, akageuza kwa chini mshono wa ubavuni wa vazi lake na kumwonyesha mama. Mama akaweka mkono juu ya pindo. Kiganja kizima.

"Hili ni la kuvaa miaka arobaini," mama alisema polepole.

"Hamsini, mama."

Mama akavuta pindo lile, akaguna. "Na kulipiga, umelipiga ovyo. Ona mshono unavyolegea! Nani alikufundisha?" Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akadai uzi, akapiga magoti sakafuni na kuanza upya. Kengele ya kanisani ikalia, yeye akiendelea. Bila kuinua kichwa akanitupia gauni jekundu. "Chukua, umelililia vya kutosha."

Lilinimeza kama hema, na sikujali hata kidogo.

Mama akakata uzi kwa meno. Akasimama akijishika kiuno, akamchora dada ishara ya msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba.

"Haya, nenda, mwanangu," alisema. "Ukinenepa tena, pindo lipo."