Meza ya Kushonea Duara

Mwaka ule maharage yalikauka yakiwa bado maua, na sisi wa Kasulu tukala ugali wa muhogo kwa isombe, kile kisamvu chetu, tena bila mawese. Mchana isombe, jioni isombe. Watoto walikuwa wanafunua sufuria, wanachungulia, wanafunika tena. Ndio mwaka ambao mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka, na mjukuu wangu akachumbiwa Kibondo.

Shule mimi sikukaa. Nilikaa kwenye cherehani. Kwetu, bibi wa biharusi ndiye anayeshona vitambaa vya kufunikia vikapu vya chakula vinavyopelekwa kwa wakwe. Ni vitambaa vya duara, mzunguko wa uzi ndani ya mzunguko, na katikati panaachwa peupe, upana wa kiganja. Mama mkwe anaweka kiganja pale, anafunua, na anakitazama kitambaa kabla hajatazama ugali. Vyangu vilikuwa vinatazamwa mpaka chakula kinapoa. Watu walinifuata kutoka Buhigwe. Sisemi haya kwa kujisifu. Au basi, ni kwa kujisifu, nani atanikataza?

Sasa duara likawa linatoka kama yai lililokanyagwa. La kwanza nikalichana, nikalifanya tambara la kushikia sufuria. La pili hivyo hivyo. Binti yangu, mama wa huyo mchumba, akayaona matambara jikoni, yamekuwa mengi kuliko sufuria zenyewe. Siku ya gulio akaniambia nivae, akanipeleka mjini kwenye duka la cherehani.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye Kiswahili laini cha pwani. Akanipa kiti kwanza, ndipo akaanza kutoa meza za kuunganisha na cherehani, ili kitambaa kipate pa kulala. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki. Nikaigusa ikayumba, nikamwambia hiyo hata kuku akiirukia inaanguka. Ya pili ya mbao, nzito, kingo zimesuguliwa vizuri. Hiyo niliipenda, lakini ilikuwa meza tu. Ya tatu ilikuwa inaangaza kama kioo, na juu yake imesimama pini fupi. Unachoma kitambaa katikati kwenye ile pini, unakanyaga, kitambaa kinajizungusha chenyewe.

Nikasema nijaribu. Akanikalisha kwenye cherehani yake ya umeme. Mkono ulitetemeka kama kawaida yake, wala haukuona haya mbele za watu. Na duara likatoka sawasawa, kama mdomo wa sufuria mpya. Binti yangu akacheka kwa furaha. Mimi nilijiona kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake, limepigwa plasta safi.

“Umeona, bibi yangu?” mzee akasema. “Hapa hata mkono ukilala, kazi inakwenda.”

Nikamjibu kwamba basi hiyo ni meza ya mtu asiye na mikono. Nikamweleza kuwa yangu ni cherehani ya kukanyaga, imezama ndani ya meza yake, nikitumaini atasema haiwezekani. Akasema kweli, hizi haziingii kwako, lakini huna haja ya kununua. Meza yako ni pana tayari. Chukua pini ya kubandikia karatasi ukutani, igeuze ncha iangalie juu, ibandike kwa utepe wa gundi kando ya sindano, ni kitu kile kile. Muuzaji gani anakataa kuuza? Nilimchukia kwa wema wake.

Tulipofika nyumbani binti yangu hakuvua hata viatu. Akabandika pini kwenye meza yangu kama mzee alivyosema, akaniita. Nikamwambia kiganja cha mama mkwe kitakuta tundu la pini pale peupe katikati. Akasema tundu lenyewe dogo, nikifua linajifunga. Labda ni kweli. Labda yule mama wa Kibondo asingehisi kitu. Mimi ningehisi, kila nikikumbuka kikapu kile kimekaa nyumbani kwake.

“Mama,” akasema polepole, “arusi ni Jumamosi ijayo. Usiposhona, nitanunua vya dukani.”

“Kilichotobolewa sishoni, na kilichopinda sitoi.”

Alijua, na mimi nilijua, kwamba hapo nimejifungia milango yote miwili. Akatoka kwenda kusonga ugali.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaja akakaa chini miguuni pangu, akauchukua ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili. Haukutulia. Ulitetemeka humo ndani kama kifaranga.

“Bibi, vishone hivyo hivyo vilivyopinda. Mimi nitavibeba. Wakicheka, wacheke.”

Nilitaka kukubali. Mungu anajua nilivyotaka. Nikautoa mkono wangu kwake, nikaukalia.

“Kilichotobolewa sishoni, na kilichopinda sitoi.”