Rambirambi kwa Mke Asiyefiwa

Laiti ningekataa siku mkuu wa wauguzi aliponiomba niwe mimi wa kuzipa familia habari za vifo, kwa kuwa nnajua Kiarabu na Kiswahili. Nilikubali. Baada ya miaka minne nilikuwa nnatangaza kifo huku nnawaza chakula cha mchana.

Wanjiru, muuguzi mwenzangu Mkenya, aliliona hilo. "Bwana Seif, siku hizi huguswi na kitu. Huo si ushujaa, ni huruma imechoka. Chukua likizo, uongee na daktari."

Nilimcheka.

Wiki ile ile Bi Zuwena wa mji wa Matrah, ambaye mumewe alikuwa amepasuliwa ngiri jana yake, alinisimamisha mlangoni. "Mwanangu, mzee wangu vipi?"

Sikumtazama usoni wala sikuuliza mzee gani. Mdomo ulijiendea wenyewe: "Mungu akupe subira, mama."

Baada ya saa moja jamaa zake walijaa ukumbini, wamekuja kuchukua maiti. Mzee akatoka wodini na mkongojo wake, akauliza nani kafa.

"Wewe," mkewe akamjibu, kidole kikinielekea mimi. "Kasema huyu."

Nilihamishiwa stoo ya mashuka, na mpaka nnastaafu sikuruhusiwa tena kumhudumia mgonjwa.