Mafuvu Yaliyokataa Kukauka

Nikiwasimulia watu wa kwetu Tanga kisa hiki, swali lao la kwanza ni kama nilimroga. Sikumroga. Nilinyamaza tu, na huko kunyamaza hakukuchukua hata dakika moja. Ila nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba nilikusudia, na kwamba siku mbili zilizofuata nililala usingizi mzuri.

Kazi yangu ni mapambo ya resini. Ni uji mzito unaonata kama asali. Unauchanganya na dawa yake ya kugandisha, unaumimina kwenye kalibu za silikoni, unausubiri siku nzima, unatoka mgumu na unaona ndani yake kama kioo. Karakana yangu ni meza iliyo chini ya dirisha, chumbani kwangu Troyeville, huku kusini mwa Afrika nilikohamia. Miezi mingine natengeneza hereni za maua na vidani vya majani makavu. Mwezi wa kumi natengeneza popo, buibui, meno yenye damu na mafuvu, kwa sababu ya Halowini, siku ambayo watu wa vitongoji vya kitajiri vya kaskazini mwa jiji hujivika uchawi kwa furaha zao. Mwaka wa kwanza nilicheka. Kwetu mtu akikutwa na fuvu kwenye mkoba anaitishiwa kikao, hapa ugenini mtu anaulizia kama lipo la rangi ya zambarau. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa Kizanzibari, alinionya kwamba malaika hawaingii kwenye nyumba yenye vitu vile. Nilimwambia basi wapitie mlango wake.

Mapambo yangu yalikuwa yanauzwa Randburg, kwenye duka la dada mmoja wa Dar es Salaam. Namwita dada kwa sababu kanizidi umri na ndivyo nilivyolelewa, wala si kwa mapenzi. Alinipokea vizuri. Aliniita mdogo wangu, akanipa chai ya tangawizi, akaniambia kazi zangu zitakaa rafu ya mbele. Na kweli zilikaa rafu ya mbele.

Siku moja nilipeleka mzigo nikamkuta na mteja, mama wa Kizungu aliyeshika hereni zangu za popo juu ya kiganja. Aliuliza nani fundi wake. Dada akasema ni yeye mwenyewe, kwamba huzitengeneza nyumbani watoto wakishalala, na kwamba macho yanamuuma kwa kazi hiyo. Yule mama akanitazama mimi niliyesimama pale na boksi. Dada akatabasamu, akamwambia, "Huyu ananisaidia usafi."

Wakati huo kucha zangu zilikuwa na resini ambayo hata kwa spiriti haikutoka. Kidole changu cha shahada kilikuwa na kovu la kiberiti cha gesi, maana mapovu ya juu tunayapasua kwa moto. Niliweka boksi kaunta, nikatoka, nikafika hadi kwenye robot ya kona, zile taa za kuongozea magari, nikasimama, taa ikawa kijani mara tatu bila mimi kuvuka. Nilitaka kurudi nimvue wigi. Sikurudi, kwa sababu duka lingine sikuwa nalo. Tangu siku hiyo kila popo niliyemmimina nilimmimina kwa hasira, nikingoja siku ambayo mtu yule atalazimika kusema mbele za watu kwamba fundi ni mimi. Sikutaka kitu kingine chochote.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Halowini, alinipigia simu. Wateja walikuwa wamemsumbua awafundishe, naye akakubali kufanya darasa dukani siku ya Alhamisi: wamimine wenyewe, kisha Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya Halowini, waje kuchukua vitu vyao. Sasa akataka nimfundishe yeye kwanza. Hakuona haya hata kidogo. Nilikwenda na vikombe vyangu viwili vidogo vya plastiki, vile vya kupimia dawa ya kikohozi, nikamwonyesha: resini hadi mstari huu, dawa yake hadi mstari huohuo kwenye kikombe cha pili, koroga polepole dakika tatu. Tulitoa buibui mmoja mzuri sana. Alimfurahia buibui, lakini vikombe aliviangalia kwa dharau.

Hapo lazima niseme kitu juu ya malezi yetu. Mimi nimekua kando ya mama yangu, aliyeuza mchele na dagaa kwa kopo. Kopo likijaa limejaa, habari imekwisha. Yeye amekulia Kariakoo, nyuma ya kaunta ya baba yake, na kwao kilichopimwa kwa kopo ni ujanja wa wachuuzi, kipimo cha haki ni mizani. Aliniambia hivyo siku ileile, huku anarudisha vikombe vyangu kwenye mfuko kwa ncha za vidole. Na resini haijui haki ya Kariakoo. Ile dawa ya kugandisha ni nyepesi kuliko resini. Ukizilinganisha kwenye kikombe zinakubaliana, lakini ukizilinganisha kwenye mizani dawa inazidi, na kitu chako hakikauki leo wala mwakani.

Alhamisi nilifika mapema. Juu ya meza ndefu, katikati ya maboga ya karatasi na utando wa pamba, alikuwa amepanga mizani mipya minne ya jikoni. Alikuwa amevaa aproni yenye picha ya uso wake.

"Nusu kwa nusu, siyo mdogo wangu?" aliniuliza, anaipapasa mizani yake.

Nilijua. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mfuko, umeshika vikombe. Nilimtazama yule mwenye uso mara mbili, mmoja kichwani na mwingine kifuani, nikamjibu, "Nusu kwa nusu, dada." Habari ya kikombe nikainyamazia. Akasema sharp, yaani sawa, kisha akaniambia niende nyuma nikaoshe vikombe vya chai, wageni wangefika muda wowote.

Basi darasa lote nililisikilizia kwenye sinki. Niliwasikia wakicheka. Nilimsikia akiwahadithia kovu la kidole changu kama lake. Niliosha kila kikombe mara mbili, na moyo wangu ulikuwa mweupe, nasema kweli, kwa mara ya kwanza ndani ya duka lile.

Jumamosi hakuniita, lakini nilikwenda. Nilivaa hereni zangu za popo, nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na kanga mpya mabegani. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wameizunguka meza. Dada akachukua kalibu ya kwanza akaikunja, ili fuvu litoke. Fuvu halikutoka, lilivutika. Lilivutika kama halua ya moto, taya likabaki kwenye kalibu, paji la uso likamganda vidoleni. Akacheka, akachukua nyingine. Popo akatoka bila bawa. Ya tatu, ya nne. Mwanamke mmoja alijaribu kujivalisha pete yake ya jicho, ikashikana na sweta. Mwingine akauliza kama vitu hivi vina sumu.

Aliniona karibu na mlango. Nilimwona akinipekua usoni, na mimi sikuficha kitu, nilitikisa kichwa kidogo popo wangu wakagonga shingo, wagumu, wanang'aa. Wale wanawake wakaanza kumuuliza yote kwa pamoja: mbona za dukani huwa ngumu, huwa anafanyaje, kwa nini hakuwaambia. Alijibu hali ya hewa. Wakamwambia joto lilikuwa kali wiki nzima. Alijibu chupa mbovu. Wakamuuliza chupa zote? Mwisho akanyoosha mkono uliojaa utomvu mweusi, akanionyesha.

"Muulizeni yeye," alisema. "Yeye ndiye anayezitengeneza. Zote. Tangu mwanzo."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi ile karibu miaka miwili, na ilikuwa tamu kama nilivyotarajia. Sitadanganya nijifanye mtu mwema. Nilisimama nikaila yote. Walinigeukia, wakaangalia masikio yangu, wakaangalia kucha zangu, na dada akabaki na mikono yake hewani, hana pa kuifutia. Nikawaeleza kwa upole kwamba resini haipimwi kwa mizani, inapimwa kwa kikombe. Nikavitoa vikombe vyangu nikaviweka mezani. Baadhi yao wakaniomba namba ya simu.

Ndipo mama mmoja akanivuta kando, mama wa Kikongo, mtu mzima, kitambaa kichwani kimefungwa kwa adabu. Alisema yeye mambo ya mafuvu hayamhusu, kanisani kwao wakijua alikuwa hapa itakuwa kesi. Alikuja kwa sababu alisikia kwamba ndani ya hii resini kitu hakiozi. Akafungua tishu. Ndani yake kulikuwa na kidani alichomimina Alhamisi, cha umbo la yai, kimelegea, kimejaa manyoya ya tishu pande zote, na katikati msokoto wa nywele za mvi. Upande mmoja nywele zilikuwa zimekwisha kutoka nje na kukatika, pale alipojaribu kukifuta.

"Njo weye fundi?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Ni nywele ya mama. Alikufaka kule Lubumbashi, sikufikaka ku matanga. Dada yangu alinitumia hii tu. Iko namna ya kuitosha?"

Namna ya kuitoa haikuwepo. Resini iliyoharibika haiachii kilichomo, na spiriti ingezing'oa mvi zile pamoja na uchafu, au ingeziacha vipande vipande. Nilimwambia nitajaribu. Akauliza imeharibikaje, nikamweleza habari ya mizani, maneno yaleyale niliyokuwa nimewaambia wengine kwa raha dakika chache kabla. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Na weye fundi, ulikuwa wapi?"

Nilimwambia nilikuwa nyuma, naosha vikombe.

Akanipa pole, kana kwamba na mimi nilikuwa nimeonewa. Akaikunja ile tishu vizuri, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake kwa mikono yake miwili.