Folda Ambayo Bosi Hakuifungua

Sijaomba msamaha, na leo pia siombi.

Nachapa katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria pale Mkuyuni. Bosi wetu alistaafu kutoka masjala ya serikali, lakini masjala yenyewe haikumtoka. Kule karatasi haiingii popote mpaka mkubwa afungue jalada kwa mkono wake na kuliandikia namba. Tulipopata kompyuta akaleta sheria ileile: folda ya kila kitongoji anafungua yeye, mimi nachapa. Aliyekalia kiti hiki kabla yangu alifukuzwa kwa kusevu faili mahali ambapo hakuruhusiwa. Somo nililielewa.

Siku moja, ilikuwa Jumatatu, akaja mama mjane kutoka kitongoji kimoja cha kando ya ziwa, ukipita Usagara kuelekea Kigongo. Shemeji yake alikuwa amesogeza mpaka wa shamba lake mara tu baada ya mumewe kuzikwa, na baraza la ardhi lilikuwa linakaa Alhamisi. Asipofika na maelezo yake kwa maandishi, shamba limekwenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Andika kabla sijasahau."

Alisimulia, akalia, akajifuta kwa kanga, akaendelea. Zilifika kurasa tatu. Akaniachia namba yake ya simu, akaenda kuwahi gari.

Nikabonyeza kusevu. Programu ninayochapia, ile nyepesi ya maandishi matupu, ikanijibu kwamba folda ya kitongoji hicho haipo. Ingekuwepo vipi, wakati bosi siku zote alisema kitongoji kile hakina mashauri, kwa hiyo hakihitaji jalada? Na yeye alikuwa msibani Geita, simu haipatikani. Ningeweza kuitengeneza kwa sekunde mbili. Sikuitengeneza. Niliyaacha maneno ya yule mama kwenye skrini, nikampigia mkubwa tena na tena, mtiifu kama mjinga. Saa nane mchana umeme ukakatika, na maneno yote yakaenda nao.

Nilimpigia mama yule nikamwambia arudi kesho. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nianze tena tangu kifo?"

Nikasema ndiyo, mama. Niliona aibu.

Halafu nikakasirika. Umeme uliporudi nilifungua mipangilio ya programu ile nikaiandikia mistari mitano: kabla ya kusevu, angalia kama folda ipo, kama haipo itengeneze, pamoja na zile za juu yake zinazoibeba kama nazo hazipo, kisha sevu, bila kumuuliza mtu. Wataniambia ningetengeneza folda moja kwa mkono, yakaisha. Yangeisha kwa huyu mama. Wa kesho yake je? Nilitaka swali la nani afungue folda lisiulizwe tena kwenye mashine yangu.

Mama akarudi, akaanza tangu kifo. Safari hii nilisevu kila aya, na kila aya iliingia. Nikamtolea nakala mbili. Alhamisi zilisomwa mbele ya baraza, na shemeji akaambiwa asiguse lile shamba mpaka shauri liishe.

Bosi alirudi Ijumaa. Aliwasha kompyuta, akainama, akavua miwani.

"Binti, nani kafungua hii?"

"Imejitengeneza yenyewe, mzee. Mimi ndiye niliyeiagiza, kwa mistari mitano."

"Ninyi Wahaya na kusoma kwenu. Futa hiyo mistari."

"Sifuti."

"Kila mtu akijifungulia anavyotaka, ofisi itakuwa soko."

"Basi iwe soko. Sokoni angalau watu wanahudumiwa. Ukitaka kunifukuza, mzee, nifukuze, ila kwa mkono wangu sifuti."

Alisema atalifikiria. Mpaka leo hajamaliza kulifikiria.

Habari za mama yule zikafika kitongojini, na watu wakaanza kuja. Kila aliyekaa mbele yangu nilimuuliza kama amewahi kufika hapa. Karibu wote walikuwa wamefika. Waliambiwa wasubiri jalada lifunguliwe, wakarudi makwao. Hakuna aliyewaandika, na kwa sababu hawakuandikwa, bosi alijua kitongoji kile hakina mashauri.

Wa mwisho wiki ile alikuwa mzee wa kutengeneza nyavu, vidole vyake vimepinda. Alisema amekuja hapa mara nne. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, na mzee akamsalimia kama mtu anayemfahamu.

Nikamuuliza baraza lake linakaa lini.

"Lilishakaa, mwanangu, mwaka jana. Kiwanja walishachukua."

"Sasa, mzee, umefuata nini?"

"Nataka tu iandikwe kwamba kilikuwa changu."

Sikumtazama bosi. Nikaandika yote, tangu siku aliyopewa kiwanja na baba yake. Kisha nikaigeuza skrini ielekee mlangoni, nikabonyeza kusevu.