Nzembi anayesaka makosa ya stempu za Urusi, likiwamo lake mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, barabara ya River Road, Nairobi, imeshachangamka, lakini ghorofani, juu ya duka la misumari, Nzembi Kalekye amefunga dirisha. Upepo kidogo tu unaweza kupeperusha mali ya watu.

Kwa kibano anainua stempu ya Urusi ya enzi za wafalme. Anaiweka chini ya kioo cha kukuzia, anaigeuza mgongo. Anaitazama tena. Halafu tena.

"Wino ukikosekana lakini karatasi ni nzima, hilo ni kosa la mtambo, na wakusanyaji wanalipenda," anaeleza. "Nyuzi za karatasi zikikatika, huo ni mkwaruzo. Stempu imeharibika."

Nzembi, 43, mkazi wa Dagoretti Corner, ni mkaguzi wa mfanyabiashara wa stempu, Tarsem Singh. Aliajiriwa kufagia. Siku moja aligundua stempu ambayo jino moja la ukingoni lilipachikwa kwa gundi ili ionekane nzima, Tarsem akamkabidhi kioo. Miaka tisa sasa, analipwa Sh4,200 kwa mwezi.

Mei mwaka huu wa 1994, karani mstaafu wa reli, Balbir, alileta albamu ya marehemu kaka yake. Stempu moja ya Urusi ilikuwa na mstari mweupe kwenye bawa la tai wa nembo. Nzembi akaandika: kosa la uchapaji. Bei ikapanda hadi Sh18,000, na mteja mmoja akaahidi kuja kuinunua Ijumaa.

"Nilipofika nyumbani bado niliuona ule mstari," anasema. "Nikajiuliza, niliona ama nilitaka kuona?"

Alhamisi alfajiri alirudi kazini, akamulika stempu kwa tochi kutoka ubavuni. Nyuzi za karatasi zilikuwa zimekatika na kusimama. Ulikuwa mkwaruzo.

Tarsem alifoka. "Aliniambia, 'Nzembi, umenitia aibu.' Nikamjibu, aibu ni kesho, mteja akishalipa."

Akaenda mwenyewe kwa Balbir kumweleza. Mzee akamuuliza kwa nini amejisumbua.

"Ungenyamaza tu, mama. Nani angejua?"

"Mimi, mzee."

Stempu iliuzwa Sh700. Balbir alichukua albamu yake na hajarudi tena.

Tangu hapo Nzembi hatulii. Amepekua daftari la mauzo na kupata stempu kumi na moja alizowahi kuziidhinisha kwa namna ile ile, bila kumulika ubavuni. Jioni baada ya kazi, na Jumamosi, anawatafuta wanunuzi. Nne ameshazikagua upya. Zote zilikuwa sawa. Bado saba.

Tarsem haoni maana. "Hakuna aliyelalamika," anasema.

"Hawajaangalia," Nzembi anamjibu bila kuinua macho.

Anatamani siku moja awe na meza yake mwenyewe, na jina lake kwenye kila cheti cha ukaguzi. Lakini kwanza hizo saba.

Kesho ni zamu ya Mwalimu Kihara, kule Dagoretti, aliyenunua stempu yake miaka mitatu iliyopita na kumwekea bintiye.

"Sijui nitakuta nini," anasema Nzembi, akikaza betri kwenye tochi. "Lakini nitabisha hodi."